Kuendesha saluni zenye matawi: malipo, ratiba na mwili wa msusi

Saluni moja huendeshwa kwa macho ya mwenyewe. Anaona nani kachelewa, nani kapewa mteja wakati si zamu yake, nani anakohoa akichanganya blichi. Matawi yakifika matatu au manne, macho hayo hayatoshi tena, na kila ambacho hakijaandikwa huamuliwa na meneja wa tawi kwa namna anavyojua yeye. Hapo ndipo wasusi wanapoanza kuhama, na mara nyingi wateja wao huwafuata. Sababu wanazotaja ni zile zile: hawaelewi kamisheni yao inahesabiwaje, siku nzima hawapati hata muda wa kula, na mikono au mgongo umeanza kuuma. Yote matatu yanarekebishika kwa kalamu, saa na vifaa vya kawaida.

Asilimia 40 ya nini?

Mkataba ukisema tu "kamisheni asilimia 40", haujasema kitu. Chukua huduma ya rangi ambayo bei yake kwenye orodha ni 100. Makao makuu yametangaza punguzo la asilimia 20, kwa hiyo mteja analipa 80. Rangi na peroksaidi (dawa inayochanganywa na rangi au blichi) zilizotumika zimegharimu 12. Kamisheni ikihesabiwa kwenye bei ya orodha, msusi anapata 40. Ikihesabiwa kwenye kilicholipwa, anapata 32. Gharama ya dawa ikitolewa kwanza, anapata 27.2. Kazi ni ile ile na asilimia ni ile ile, lakini karibu theluthi ya ujira imeyeyuka, na msusi hajui imeenda wapi. Malalamiko mengi ya "tunaibiwa" huanzia hapa, hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo mkataba utaje msingi wa hesabu, si asilimia peke yake. Tunashauri hivi: punguzo lililoamuliwa na makao makuu libebwe na makao makuu, na kamisheni ihesabiwe kwenye bei ya orodha. Msusi hakuulizwa kuhusu tangazo hilo, na kichwa chenye punguzo humchukua muda ule ule na cha bei kamili. Punguzo alilotoa mwenyewe kwa mteja wake ndilo linaloweza kumgusa.

Makato ya dawa nayo yawekwe kwa kila huduma. Saluni nyingi hukata asilimia moja kwa huduma zote, kwa sababu ni rahisi kuingiza kwenye programu. Matokeo yake, anayekata nywele kwa mkasi, ambaye hajatumia chochote zaidi ya maji na shampoo kidogo, analipia blichi ya mwenzake. Weka kiasi maalumu: kukata, sifuri, kuosha na kukausha, kiasi kidogo, rangi, kwa gramu zilizopimwa kwenye mizani. Orodha hiyo ibandikwe kwenye chumba cha wafanyakazi, na ikibadilika itangazwe kabla ya mwezi mpya kuanza.

Jambo la tatu ni kazi ya kurudiwa. Mteja akirudi ndani ya siku 7 kwa sababu rangi haikushika au mstari umepinda, kwanza apewe msusi yule yule arekebishe. Asipotaka, au msusi akiwa hayupo, anayerekebisha alipwe kamisheni kamili ya kazi hiyo. Kamisheni ya wa kwanza isiguswe mpaka meneja aangalie kadi ya mteja na kuona kosa lilikuwa wapi. Mara nyingi kosa si la msusi. Mteja alificha kwamba aliweka hina, au alioga maji ya moto siku hiyo hiyo, au mapokezi waliandika "kugusia mizizi" kwenye kichwa kilichohitaji kupakwa chote.

Kuhusu makato ya adhabu, yaani kuchelewa, kuvunja kioo au pasi ya nywele kuungua, soma sheria ya kazi ya nchi yako kabla ya kukata hata kidogo. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1949, unaruhusu makato kwenye mshahara kwa masharti tu yaliyowekwa na sheria, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi lazima aarifiwe. Mkataba huo huo unakataza kulipa mshahara kwa vocha au kuponi zinazodaiwa kuwa badala ya fedha. Kumpa msusi "pointi" za kuchukua bidhaa dukani kwako mahali pa ujira ni kosa lile lile kwa jina jipya.

Mfumo unaodumu kwenye matawi mengi ni mshahara wa msingi au kamisheni, ipi kubwa. Andika kipindi cha kulinganisha ni wiki au mwezi. Na upungufu wa kipindi kibaya usigeuzwe deni la kipindi kijacho. Msusi mpya akianza na miezi miwili ya wateja wachache, deni la namna hiyo humfanya afanye kazi ya kulipa yaliyopita, naye ataondoka kabla hajajenga wateja.

Waosha nywele na wanafunzi husahaulika. Wao walipwe mshahara usiobadilika, kwa sababu kazi yao inamwezesha msusi kuhudumia vichwa viwili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi awe na hatua zilizoandikwa: kuosha, kukausha, kupaka rangi akisimamiwa, kukata akisimamiwa, kisha mtihani kwa mtu halisi. Kila hatua iwe na tarehe ya kupimwa. Asiye na tarehe hubaki kwenye beseni mwaka mzima.

Bakshishi inayolipwa kwa kadi au kwa simu huingia kwenye akaunti ya kampuni, na ndiyo inayopotea kirahisi. Iandikwe kwenye daftari la siku kwa jina la msusi, alipwe siku hiyo au pamoja na mshahara, na isihesabiwe kamwe kuwa sehemu ya mshahara wa msingi. Mwosha nywele akiwa na sehemu yake, kiwango kijulikane.

Baadhi ya makampuni hukwepa yote haya kwa kuwaita wasusi "wapangaji wa viti". Kukodisha kiti ni biashara halali, lakini mpangaji wa kweli hupanga bei zake, saa zake, dawa zake na wateja wake. Ukimpangia zamu, sare, bei na foleni, huyo ni mfanyakazi wako. Pendekezo namba 198 la ILO la mwaka 2006 linasema uhusiano wa kazi uamuliwe kwa jinsi kazi inavyofanyika kweli, bila kujali mkataba unauitaje. Wakaguzi na mahakama za nchi nyingi hutazama hivyo hivyo, na madai ya nyuma ya bima, likizo na muda wa ziada huja kwa mkupuo.

Hati ya mshahara ionyeshe kila huduma kwa tarehe, bei ya orodha, kilicholipwa, makato ya dawa, asilimia, kamisheni, bakshishi na saa za ziada. Jumla peke yake haitoshi. Msusi aliyepewa mistari hiyo hukagua mwenyewe, na hitilafu ya mapokezi hugunduliwa ndani ya mwezi badala ya mwaka.

Ratiba

Anza kwa kupima muda halisi wa kila huduma kwa msusi wa kawaida, si kwa yule mwepesi kuliko wote. Rangi ya kichwa kizima, kwa mfano: mazungumzo dakika 10, kuchanganya 5, kupaka 30, kukaa 35, kuosha 15, kukausha 30. Hizo ni saa 2 na dakika 5. Mapokezi wakiweka saa 1 na nusu, kuchelewa kunaanza asubuhi na kukua kila saa, na jioni msusi anawalipa wateja wa mwisho kwa chakula chake cha mchana.

Zile dakika 35 za kukaa zinaweza kumpokea mteja wa kukata. Lakini dawa ya kulainisha haina nafasi ya namna hiyo. Ile yenye sodiamu haidroksaidi ina pH kati ya 12 na 14, inaanza kufanya kazi inapogusa nywele, na dakika chache za kuchelewa ni ngozi iliyoungua. Kwenye programu ya miadi, huduma hiyo ifungwe moja kwa moja tangu kupaka mpaka kuosha, bila mapokezi kuweza kuchomeka mtu katikati. Hili lisitegemee busara ya mtu.

Mapumziko nayo yaingizwe kama miadi, yenye jina la msusi, dakika 30 kwa uchache. Mapumziko "ukipata nafasi" hayapatikani siku zenye watu, na hizo ndizo siku anazoyahitaji. Kwa rasta na misuko mirefu, weka saa ya mwisho ya kuanza kwa kila mtindo. Tawi likifungwa saa 2 usiku na mtindo unachukua saa 6, uanze kabla ya saa 7 mchana, ili ibaki saa moja ya akiba. Tawi lisilo na saa hiyo huwaweka wasusi mpaka usiku wa manane bila malipo ya ziada, na safari ya kurudi nyumbani inakuwa hatari yao wenyewe. Wanapofanya wawili kichwa kimoja, mgawanyo uandikwe kabla ya kuanza, nusu kwa nusu au kwa mistari waliyosuka.

Ratiba ya zamu itoke wiki mbili kabla. Kila mtu apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika ndani ya kila siku 7, kipimo kilichomo kwenye Mkataba namba 106 wa ILO wa mwaka 1957 kuhusu biashara na ofisi. Siku mbili zisizofuatana ni nzuri, mbili zinazofuatana ni bora zaidi kwa mikono.

Foleni ya wateja wasio na miadi huleta ugomvi kuliko jambo lolote. Sheria zake ni chache, lakini zote zinahitajika. Orodha huanza kwa mpangilio wa kufika kazini. Mteja aliyemtaja msusi kwa jina hahesabiwi kuwa zamu yake. Aliye kwenye mapumziko hapotezi nafasi, anarukwa mara moja tu. Kazi ya kurudia haihesabiwi. Mteja wa kuosha tu huhesabiwa nusu zamu, ili asipatikane mtu anayeosha vichwa vitatu huku mwenzake akipata rangi tatu. Ubao uwe mahali pa wote kuuona, na anayeandika awe mapokezi. Meneja anayehudumia wateja asiushike ubao.

Mikono, mapafu, mgongo

Wataalamu wa afya kazini huita kazi ya majimaji pale mikono inapokaa ndani ya maji, au ndani ya glavu zisizopitisha hewa, zaidi ya saa 2 kwa siku. Mwosha nywele wa tawi lenye wateja wengi anapita hapo kabla ya mchana. Angalia mikono yake: kwanza ngozi kati ya vidole inakauka na kuwa nyeupe, kisha inapasuka mistari midogo, kisha inawasha usiku. Ikitulia akiwa likizo na kurudi akirudi kazini, chanzo ni kazi. Aende kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu mzio wa rangi ukishaingia haumtoki, na unaweza kumfungia kazi hii moja kwa moja.

Kinga yake haina gharama kubwa. Asiwepo mtu wa kuosha siku nzima. Zamu ya beseni ibadilishwe kila saa 2. Glavu ziwe za nitraili, ndefu kupita kifundo, na ukingo ukunjwe nje ili maji yasiteremke ndani. Jozi moja kwa kila mteja, isigeuzwe ndani nje na kuvaliwa tena. Pete zivuliwe, kwani sabuni hukaa chini yake. Mikono ifutwe kwa taulo laini hata katikati ya vidole, na mafuta ya kupaka yasiyo na manukato yawe kando ya kila beseni. Yakiwekwa chumba cha nyuma hayatatumika.

Kosa lililoenea ni kuvaa glavu wakati wa kupaka rangi na kuzivua wakati wa kuisuuza. Mabaki ya rangi kwenye nywele hizo bado yanaweza kuwa na parafenilinidiamini, kemikali inayoongoza kwa kuleta mzio wa rangi. Kwa sababu hiyo hiyo, kata kwanza, paka rangi baadaye. Ukikata nywele zilizotoka kupakwa, mikono mitupu inashika rangi mbichi kwa nusu saa. Badilisha mpangilio huo kwenye kadi ya huduma ya matawi yote, maana hauongezi gharama yoyote. Mteja naye afanyiwe jaribio la ngozi saa 48 kabla, kwa kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, hata kama rangi ile ile aliipaka mwaka jana.

Unga wa blichi una pasulfeti, nazo husababisha pumu ya kazini. Nunua blichi isiyopeperuka au ya krimu. Kona ya kuchanganyia iwe na feni inayovuta hewa na kuitoa nje; feni ya kupepea inasambaza tu. Chombo cha unga kifunikwe mara moja. Blichi iliyokwisha kuchanganywa na peroksaidi isifungwe kwenye chupa, kwa sababu hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Peroksaidi za asilimia 6, 9 na 12 zikae rafu tofauti zenye maandishi makubwa, kwa kuwa chupa zake hufanana na haraka ya Jumamosi haisomi herufi ndogo.

Dawa za kunyoosha kwa pasi ya moto zinahitaji tahadhari ya peke yake. Nyingi huachia gesi ya fomaldihaidi pasi inapopita kwa joto la nyuzi 200 na zaidi, na ndio moshi ule unaochoma macho. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldihaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Marekani kikomo cha kazini ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa milioni kwa dakika 15. Usiamini maandishi ya mbele ya chupa. Geuza nyuma utafute fomaldihaidi, fomalini au methilini glaikoli, na ziko pia dawa zenye asidi ya glaiosiliki ambazo huiachia zikipashwa moto. Ushauri wetu ni kuzitoa kabisa kwenye orodha ya huduma. Mteja anauvuta moshi huo mara chache kwa mwaka, msusi anauvuta kila wiki.

Dawa ya kulainisha haipakwi kwenye ngozi iliyochunika, wala kwenye kichwa kilichooshwa au kukunwa siku hiyo. Mafuta mazito yapakwe kwanza ukingoni mwa nywele, masikioni na shingoni. Saa ya kengele iwekwe hata kwa msusi mzoefu. Aina mbili zisipandane: nywele zilizolainishwa kwa haidroksaidi zikiwekewa dawa ya thaioglaikoleti hukatika, ndiyo maana kadi ya mteja lazima iwe na jina la dawa na tarehe, na isomeke kwenye matawi yote. Dawa ikiingia jichoni, ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali na chupa yenyewe mkononi. Usijaribu kuizimua jichoni kwa kitu kingine.

Mgongo huumizwa zaidi na beseni kuliko mkasi. Beseni ambalo mwoshaji anasimama ubavuni linampinda kiuno kila kichwa; nunua la kusimama nyuma. Viti vya wateja viweze kupanda na kushuka, na vilivyoharibika visibaki sakafuni, kwa maana msusi atafanya kazi na viwiko juu ya mabega bila kujua kwa nini shingo inauma. Msukaji apewe kigoda cha magurudumu kinachobadilika kimo. Wakati wa kununua draya, pima uzito wake mkononi kwa dakika kadhaa huku umeinua mkono. Makao makuu hununua kwa picha.

Stoo

Mirija mingi ya rangi ina gramu 60. Kila mchanganyiko upimwe na uandikwe kwenye kadi, na kilichobaki bakulini kipimwe pia. Kila wiki: kilichokuwepo, ongeza kilichopokelewa, toa kilichobaki, linganisha na gramu za kwenye kadi. Tofauti ikionekana, tazama kwanza mabakuli. Msusi anayetupa gramu 20 kila kichwa anahitaji kuelekezwa, na wasusi wote wa tawi hilo wasipekuliwe mifuko wakati wa kutoka. Upekuzi huvunja moyo haraka, na rangi iliyomwagwa kwenye sinki haimo mfukoni mwa mtu.

Meneja wa tawi

Kampuni nyingi humpandisha msusi bora kuwa meneja na kumwacha alipwe kwa kamisheni ya kiti chake. Anayegawa wateja sasa ndiye anayeshindana na wasusi wake. Wateja wa bei kubwa wataenda kwake, hata bila nia mbaya, na wengine wataona. Mpe mshahara wa kutosha, mruhusu kushika kiti siku 2 kwa wiki, na nyongeza yake itokane na mambo ya tawi zima: wateja wangapi wamerudi, wasusi wangapi wamebaki, saa ngapi za ziada zimepunguzwa. Usimpime kwa chupa zilizouzwa peke yake. Shinikizo hilo huishia kwa msusi anayelazimika kumuuzia mteja asichohitaji, na mteja haoni aibu kubadilisha saluni.

Awe na mamlaka ya kusimamisha huduma mteja anapomshika au kumtukana msusi. Mkataba namba 190 wa ILO wa mwaka 2019 unahesabu unyanyasaji unaotoka kwa watu wa nje, wakiwemo wateja. Msusi alipwe kamisheni yake kwa kazi iliyofikia hapo, la sivyo atavumilia ili asikose. Malalamiko dhidi ya meneja mwenyewe yawe na njia nyingine, namba ya mtu wa makao makuu asiyehusika na ratiba.

Msusi akihamishiwa tawi jingine, wateja wengi hawamfuati. Mpe dhamana ya wastani wa miezi 3 iliyopita kwa wiki 8, na gharama ya nauli iliyoongezeka. Akiacha kazi, mlipe mpaka huduma ya mwisho, pamoja na kamisheni ya vifurushi vya huduma zilizolipiwa pamoja, kwa zile alizokwisha kuzitoa. Muhtasari wa kumbukumbu za rangi na dawa ubaki kwenye kampuni. Mteja akiuliza yuko wapi, mapokezi waseme kwamba ameondoka, wampe nafasi kwa mwingine anayejua mtindo huo, na wamsomee fomula ya rangi yake kutoka kwenye kadi kabla hajakaa kitini.